Chapchap: Fundi wa Majokofu, Mfugaji wa Uduvi

Ndugu, majirani na mafundi wenzake mliofika, mimi ni dada yake mdogo, na nimeombwa niwasomee maisha ya kaka yangu. Nitasoma polepole, ingawa mwenyewe angekuwa ameshanikatiza.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1957, mtoto wa kwanza wa fundi mitambo wa kiwanda cha barafu na mke wake, aliyekuwa mfua nguo wa hospitali. Mama alituambia mkunga alipoingia, kabla hajatua hata mkoba, mtoto alikuwa ameshatoka na analia. Jina la Chapchap alilipata shule ya msingi, aliyoianza mwaka 1964, kwa sababu alijibu kabla mwalimu hajamaliza swali. Nusu ya majibu yake yalikuwa sahihi. Nusu nyingine aliitetea mpaka akatolewa nje.

Alihitimu chuo cha ufundi mwaka 1977 akiwa na cheti cha majokofu. Alifanya kazi katika ghala la kuhifadhia nyama, na mwaka 1989 akafungua karakana yake nyuma ya soko. Humo mabomba ya shaba yalining'inia kwenye kila msumari. Aliweza kulikunja bomba bila kulibonyeza, huku anaongea na simu na kumfokea mtu mwingine. Alikuwa mkali, jamani, tusifichane. Lakini friji la chanjo la zahanati likizimika, aliacha chakula mezani akaenda.

Mke naye alimpata kwa njia ya friji. Aliitwa kutengeneza la duka la dawa, ambako wifi yangu alikuwa muuzaji. Alilimaliza siku hiyo hiyo. Kesho yake akarudi kuuliza linaendeleaje. Keshokutwa akarudi tena. Wifi akamwambia, "Friji limeshapona. Wewe unaumwa nini?" Walifunga ndoa tarehe 15 Desemba 1984, wakajaliwa watoto watatu. Kwa miaka yote iliyofuata wifi alikuwa na ombi moja: mumewe akae naye nyumbani, wakae tu, bila bisibisi mkononi. Hakulipata. Mwanamume yule hata chakula alikula amesimama.

Mwaka 2018 moyo ulianza kumsumbua, na daktari akamkataza kunyanyua vitu vizito. Alimkabidhi karakana binti yake mkubwa, akarudi nyumbani kutuchosha sisi. Kuna siku alifungua feni nzima ili aone kwa nini haiharibiki! Ndipo alipoenda kwa daktari wa meno, akaona pale wanaposubiri wagonjwa tangi dogo la kioo lenye uduvi wa maji yasiyo na chumvi, wenye mistari myekundu na myeupe, wakidonoa majani kwa vidole vyao kama watu wanaochambua mchele. Aliuliza kama kuna wagumu zaidi kufuga. Akaambiwa hao hao ndio wagumu. Basi akawataka hao hao.

Muuza samaki wa mapambo alimweleza, "Mzee, hawa wanadekezwa. Maji yawe na ubaridi wa kiasi. Na chujio lizungushe maji mwezi mzima tangi likiwa tupu, bila uduvi, mpaka vijidudu vya kusafisha maji viote. Ndipo uwaweke."

"Yaani nikae mwezi mzima natazama maji?"

"Ndiyo, mzee."

Akawaweka kesho yake. Na kwa kuwa mambo ya baridi alijiona ndiye mwenyewe, alikunja bomba la shaba kwa umaridadi mkubwa, akalizamisha humo ili lipoze maji, akatuita wote tuje tulione. Kufikia jioni uduvi wote walikuwa wamelala chali. Shaba, ile ile iliyomlisha maisha yake yote, kwao ni sumu. "Nimewaua kwa mkono wangu," alisema, na hakumlaumu mtu mwingine, jambo ambalo kwetu lilikuwa geni. Niliumia kumwona vile.

Alianza upya. Alilitupa bomba, akaweka udongo mpya, akapanda majani, akafunga chujio la sponji, na feni ndogo ya kupuliza juu ya maji ili yapoe. Kisha akakaa. Kaka yangu, akakaa kwenye kiti! Wifi akavuta cha kwake pembeni, na bakuli lake la maharage ya kuchambua, na mwezi ule ukapita wakitazama tangi tupu. Wifi aliniambia hawakuwahi kuzungumza kiasi kile tangu waoane.

Uduvi wa mara ya pili waliishi. Yeye hakutosheka. "Kununua si kitu," alisema. "Nataka wazaliwe humu humu. Wakizaliwa, nitajua maji yangu ni mazuri." Alingoja zaidi ya miaka mitatu, na nyumba nzima ilingoja naye.

Mapema Februari mwaka huu wa 2023, jike mmoja alionekana amebeba mayai chini ya tumbo, akiyapepea kwa miguu. Kaka alinipigia simu kwa kelele nikadhani nimepata mjukuu mwingine. Tarehe 20 hali yake ilibadilika, akalazwa. Kila saa ya kutazama wagonjwa, hata kabla ya salamu, alimwuliza mkewe, "Vipi, wametoka?"

"Bado, mume wangu."

Daktari alipotuambia tujiandae, kijana wake wa mwisho alimsihi mama yake nje ya wodi. "Mama, mwambie tu wametoka. Afurahi."

"Amesubiri miaka yote hiyo asikie jambo la kweli," wifi alijibu. "Leo nimpe uongo? Siwezi, mwanangu."

Nasema wazi, siku ile sikukubaliana naye.

Tarehe 4 Machi asubuhi aliuliza tena, kwa sauti ndogo. "Bado," wifi alijibu, machozi yakimlengalenga. Kaka alitabasamu. "Waache. Hawana haraka." Alifariki kabla ya saa sita mchana, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, na mimi dada yake.

Mpiga chapa aliitaka karatasi hii jana asubuhi. Nilimwomba asubiri kidogo, naye akasubiri, tunamshukuru. Tulikuwa tunapanga viti vya wageni sebuleni wifi aliponiita kwenye tangi. Sikuona kitu mpaka nilipobandika pua kwenye kioo. Walikuwepo juu ya majani, wadogo kama chembe za sukari, mistari yao tayari wanayo, wanakula. Wifi alikaa, akalia kwa mara ya kwanza tangu tutoke hospitali. Kisha akaniambia, "Wewe ndiye utakayesoma. Mwambie."

Kaka, wametoka. Maji yako ni mazuri. Pumzika sasa, kwa amani.