Gunia la Ngazini

Mpishi: Haloo? Nani mwenzangu?

Mama Mkwe: Mimi.

Mpishi: Mimi wako wengi. Mimi nani?

Mama Mkwe: Aliyemzaa mumeo.

[Maji yanapiga ubavu wa boti.]

Mpishi: Hii namba siyo yako.

Mama Mkwe: Ni ya muuza mkaa. Ningepiga kwa yangu ungepokea?

Mpishi: Nisingepokea.

Mama Mkwe: Basi. Sasa nisikilize haraka, salio la watu hili. Ule muhogo—

Mpishi: Mama, niko jikoni. Wageni wamekaa kwenye mkeka wananiangalia mikono. Kama una matusi yaweke, yatanikuta gatini tukirudi.

Mama Mkwe: Sijapiga kukutukana, mjinga wewe!

Mpishi: Hilo ni nini sasa? Salamu?

Mama Mkwe: Umeshapakua?

Mpishi: Ndiyo napakua. Samaki wa kuchoma, mboga, na muhogo. Unataka nikutumie na picha?

Mama Mkwe: Usipakue! Weka huo upawa chini. Asile mtu.

Mpishi: [anacheka] Ehee. Nilijua tu.

Mama Mkwe: Ulijua nini?

Mpishi: Nilijua hii safari haitaisha hujaitilia mchanga. Mwanzo wa msimu ulisimama ukingoni ukapiga yowe. Leo hatupiti ukingoni kwako, umeazima simu. Kesho utakuja kwa kuogelea.

Mama Mkwe: We binti, gunia la muhogo ulilochukua ni lipi?

Mpishi: Nilichukua kwa ruhusa. Mwanao alikuomba, ukamwambia tuchukue gunia moja. Usiniite mwizi, sikubali.

Mama Mkwe: Nani kasema mwizi? Nimekuuliza lipi! Nimeshuka gatini sasa hivi kuosha vyombo, nakuta la ndani liko palepale majini, na kamba yake. La ngazini halipo.

Mpishi: Ndilo nililochukua.

Mama Mkwe: Yallah.

Mpishi: Nini?

Mama Mkwe: Nilimwambia mwanangu la ndani! Nilimwambia, mwambie mkeo, lile la kwenye maji marefu. La ngazini nimelizamisha jana, muhogo bado mgumu. Hakukwambia?

Mpishi: Aliniambia chukua gunia kwa mama. Alikuwa na mafuta ya injini hadi viwikoni, akasema chukua gunia kwa mama, wageni wanafika. Nikaenda. La ndani nikalifungua, likaninukia mpaka machozi. Nikasema huyu bibi anataka niwalishe wageni uvundo.

Mama Mkwe: Ndiyo linavyotakiwa linuke! Huo ni muhogo mchungu, mwanamke! Unakaa kwenye maji mpaka unanuka, mpaka ukiubonyeza unabonyea kama ndizi mbivu, ndiyo sumu inatoka. Ule mwingine ni sumu!

[Mawasiliano yanakwaruza.]

Mpishi: —sikii. Unasema nini?

Mama Mkwe: Sumu! Nasema sumu!

Mpishi: Nimesikia sumu. Mama, kwetu muhogo tunautafuna shambani, mbichi, tunafutia udongo kwenye gauni. Sijawahi kuona mtu amekufa.

Mama Mkwe: Kwenu ni kwenu! Huku ni mwingine. Majani yale yale, ganda lile lile, ila huu unaua. Kila mwanamke wa huku anajua.

Mpishi: Mimi si wa huku. Hilo umenikumbusha tangu siku niliyoshusha begi langu.

Mama Mkwe: Ungeniuliza!

Mpishi: Nikuulize wapi? Nikipita nasema shikamoo, unageukia kuku. Chumvi ikiisha namtuma mwanao. Wewe ukitaka ndoo yako unamtuma mwanao. Leo ndiyo umejua nina masikio?

Mama Mkwe: Ulichukua jiko langu hapo botini.

Mpishi: Mwenye boti alinipa. Sikumwomba. Alisema wageni wanataka mpishi anayecheka kwenye picha, wewe ukipigwa picha unanuna kama umefiwa.

Mama Mkwe: Wageni wanalipia kula au kutazama meno?

Mpishi: Muulize yeye. [kwa wageni, sauti ya asali] Dada, bado kidogo tu! Si mlisema mnataka safari ya polepole? Chakula nacho kinakuja polepole! Tazameni yule ndege, yule pale, mwenye shingo! [kwenye simu] Sasa unataka niwaambie nini hawa? Wameumenya wenyewe, wameukatakata wenyewe, wamejipiga picha na maganda. Niwaambie nilikuwa nawapikia sumu? Kesho boti lote limekosa kazi.

Mama Mkwe: Waambie umeungua. Waambie umedondoka majini. Waambie paka kaula, nijue mimi? Wamekula?

Mpishi: Bado.

Mama Mkwe: Hata kipande?

Mpishi: Nimesema bado. Wanasubiri. Na sijakuamini, ujue. Mdomo uliosema samaki wangu wameoza, na wale samaki walikuwa wanarukaruka kwenye ndoo, ndiyo mdomo huu huu.

Mama Mkwe: Chukua kipande kimoja. Usile! Kibonyeze tu. Kikoje?

[Mfuniko wa sufuria unagonga.]

Mpishi: Kigumu kidogo.

Mama Mkwe: Ulipokuwa unapika ulionja?

Mpishi: Ncha ya ulimi. Ulikuwa na ukali fulani hivi. Nikakamulia ndimu, nikatia pilipili, ukakaa sawa.

Mama Mkwe: Ukauficha.

Mpishi: Nikaurekebisha! Ndiyo upishi huo.

Mama Mkwe: Nani mwingine kala?

Mpishi: Mara ngapi nikwambie wageni ba—

Mama Mkwe: Sijauliza wageni.

[Mtu anacheka mbali, kisha sauti ya kijiko.]

Mama Mkwe: Wewe. Sijauliza wageni.

Mpishi: Nahodha.

Mama Mkwe: Mwanangu.

Mpishi: Alikula kwanza. Sahani nzima.

Mama Mkwe: Kwa nini ale kwanza? Tangu lini nahodha akala kabla ya wageni? Mimi nilipokuwa hapo alikuwa analamba masufuria, tena gizani!

Mpishi: Ulipokuwa hapa hakukuwa na mama amesimama ukingoni anapiga kelele, "Msile, huyo mwanamke hanawi mikono!" Habari zikaenea, tangu siku ile mgeni hagusi sahani. Mwenye boti akaamuru nahodha awe anakula kwanza, mbele yao, waone ni salama. Amekaa pale katikati kama mbuzi wa maonyesho, anatafuna, wao wanampigia makofi. Kila safari. Kwa ajili ya mdomo wako.

[Kimya.]

Mpishi: Mbona umenyamaza? Sema. Leo umeishiwa?

Mama Mkwe: Yuko wapi?

Mpishi: Amejilaza nyuma, chini ya turubai.

Mama Mkwe: Mchana huu? Na usukani nani kashika?

Mpishi: Tumefunga boti kwenye matete. Alisema kichwa kinamgonga, jua. Alipomaliza kula aliniita pembeni, akaniambia, "Usiwape kwanza. Waache wapige picha." Nikamuuliza kwa nini. Akasema tutaongea wakishuka. Picha zilipoisha ndiyo nikaanza kupakua.

Mama Mkwe: Alijua.

Mpishi: Alijua nini?

Mama Mkwe: Amekula tangu utoto muhogo wa mikono yangu, asiujue huo? Aliujua umeshafika kooni, na watu wanampigia makofi. Hakutaka kukuaibisha.

Mpishi: Usi— Usinibebeshe.

Mama Mkwe: Nani kakubebesha? Nenda kamwangalie! Nenda na simu!

[Hatua kwenye mbao. Mawasiliano yanakatakata.]

Mpishi: —ka jasho. Baba watoto. We. Niangalie. Mama, anapumua kwa kasi. Ametapika kwenye kapu la kamba. Ananijibu lakini maneno hayakai sawa.

Mama Mkwe: Mwinue, umlaze ubavu. Si chali, ubavu! Asije akapaliwa.

Mpishi: Nimemlaza. Nimpe nini? Maziwa? Sukari?

Mama Mkwe: Usimpe kitu. Hospitali. Washa injini.

Mpishi: Injini? Wageni wamelipia kimya, mama, mwenye boti kasema injini isiwashwe mpaka—

Mama Mkwe: Wamelipia kimya, hawakulipia maiti! Washa!

Mpishi: Mimi sijawahi kuiendesha!

Mama Mkwe: Umekaa nayo msimu mzima unaitazama tu kama televisheni? Hebu acha hayo! Kuna kamba nyuma yake. Kata kamba ya matete kwanza. Halafu vuta ile ya injini, mvuto mmoja wa nguvu, si kubembeleza.

Mpishi: Subiri. Subiri. [kwa wageni] Kaeni chini! Kaeni wote! Wewe kaka mwenye kofia, njoo umshike huyu kichwa! Hapana, hakuna chakula! Nimesema hakuna! Ukigusa hilo sufuria nakutupa majini!

Mama Mkwe: Ndiyo hivyo. Hapo umesema.

Mpishi: Haiwaki.

Mama Mkwe: Vuta kama unavyonivuta mimi roho.

[Injini inakohoa, inazima. Inakohoa tena, inashika.]

Mpishi: Imewaka! Imewaka. Naenda wapi? Kurudi kwetu ni mbali, tumetambaa tangu asubuhi.

Mama Mkwe: Usirudi. Mmeshapita daraja la mbao?

Mpishi: Tumelipita.

Mama Mkwe: Nenda mbele. Kuna gati la wapakia mchanga. Malori yapo mchana kutwa. Simamisha lolote, hospitali iko barabara hiyo hiyo. Ukifika mwambie daktari, kala muhogo mchungu ambao haujalowekwa ukaiva. Useme hivyo hivyo. Usione haya ukasema homa, ukasema jua. Muhogo mchungu. Rudia.

Mpishi: Muhogo mchungu, haukulowekwa ukaiva.

Mama Mkwe: Na sufuria usilimwage, funika uende nalo. Waone.

Mpishi: Watasema nimemlisha sumu mume wangu.

Mama Mkwe: Watasema. Mimi watasema nini? Nitakuwa nimesimama hapo hapo.

Mpishi: Unakuja?

Mama Mkwe: Muuza mkaa ana pikipiki. Atanileta, apende asipende. [mbali, kwa mtu mwingine] Nitakulipa! Nimesema nitakulipa, acha kunivuta kanga! [kwenye simu] Unaona nini mbele?

Mpishi: Matete. Matete tu kila upande. Naona— naona maji yanagawanyika. Njia mbili. Mama, njia mbili!

Mama Mkwe: Sikiliza vizuri. Mkono wa kulia pamefunguka, pazuri, maji meupe. Usiende. Ni mchanga, utakwama hapo. Shika kushoto, kule penye magugu, panapotisha. Hapo ndipo kina kilipo.

Mpishi: Magugu yamejaa!

Mama Mkwe: Pita katikati yake taratibu. Yatafunguka.

[Mawasiliano yanakwaruza. Injini inapungua sauti.]

Mpishi: —mepita. Yamefunguka. Mama, nimepita.

Mama Mkwe: Sasa fuata tu, usigeuke tena. Yeye anaendeleaje?

Mpishi: Huyu kaka amemshika. Macho amefumba. Midomo imekuwa— sijui, sijui rangi gani.

Mama Mkwe: Mwite. Mwite jina lake, asilale. Mwambie mama yake anamwita.

Mpishi: Mwenyewe mwite! Nakuweka sauti ya juu. Ongea.

Mama Mkwe: Mwanangu! Unanisikia? Usilale! Ukilala nakuja na mwiko! Fumbua hayo macho, watu wanakutazama!

[Injini inanguruma.]

Mpishi: Amegeuza shingo.

Mama Mkwe: Amesema nini?

Mpishi: Hajasema. Amegeuza shingo tu, upande wa simu.

Mama Mkwe: Hapo lawama tumegawana, mimi na wewe. Usidhani nimekusamehe.

Mpishi: Wala mimi.

Mama Mkwe: Endesha.

Mpishi: Naendesha! Naona vumbi, nadhani ni malori. Mama, usikate simu. Tafadhali, usikate.

Mama Mkwe: Nani kasema nakata? Hii inalia salio tu, achana nayo. Weka simu karibu na mdomo wake, nisikie anapumua vi—

[Simu inakatika.]

Mpishi: Anapumua. Mama, sikia, anapumua! Haloo? Haloo?