Mzee Povu na Wimbi la Sentimita Themanini na Nne

Leo Ijumaa, tarehe 28, saa kumi kamili alasiri, karakana yetu ya boti inampoteza fundi wake wa faibaglasi, baada ya miaka thelathini na moja, miezi minne na siku tisa za kazi. Hajaugua, hajagombana na mtu, wala hajachukuliwa na washindani wetu wa ng'ambo ya ziwa. Ametimiza miaka sitini na anastaafu kwa heshima zake zote. Hiyo ni hasara ya kwanza, na tumeikubali. Ya pili imepangwa Jumatatu, tarehe 31, saa mbili asubuhi, siku ambayo boti namba tatu inatakiwa kukatwa kibao na vitako alivyovitengeneza kwa mikono yake. Hiyo hatujaikubali, na sababu zake mtazisoma humuhumu, katikati ya sifa za mstaafu.

Kwa wageni waliokaa viti vya nyuma na hawamjui: ni yule aliyevaa shati la kijani lililopigwa pasi leo tu, mwenye resini kavu, ile gundi ya faibaglasi, kwenye kucha ambayo hata siku ya kuagwa haikutoka. Kwenye faili ana jina lake kamili. Hapa karakanani anaitwa Mzee Povu, na hadi mwisho wa ukurasa huu mtajua kwa nini.

Alianza kwa kuziba nyufa za boti za pedali. Zilikuwa kumi na nne, zote zinavuja, na alipewa mwezi mmoja. Alimaliza kwa siku kumi na tisa. Tangu hapo daftari la matengenezo linaonyesha maboti 1,146 yaliyopita mikononi mwake. Yaliyorudi na ufa uleule ni mawili tu, na moja kati ya hayo lilirudi kwa sababu mwenye boti aliligonga tena kwenye nguzo ileile ya gati. Mzee Povu hupima boti kwa sikio. Huzunguka akigonga ubavu kwa mpini wa bisibisi, ko, ko, ko, hadi pale sauti inapobadilika na kuwa nzito. Hapo huchora mduara kwa penseli na kusema, "Huyu anaumwa hapa." Hajawahi kukosea kwa zaidi ya upana wa kiganja, na waliompinga wamemnunulia soda nyingi.

Lakini si viraka vilivyotujaza ukumbini leo. Ni wimbi.

Miaka mitatu iliyopita wageni wanaopanda boti zetu walianza kuulizia mchezo wa kuteleza nyuma ya boti. Mtu husimama juu ya ubao mfupi, anavutwa kwa kamba mpaka boti ishike mwendo, kisha, wimbi la nyuma ya boti likiwa zuri, anaiachia kamba na kuendelea kuteleza kwa nguvu ya wimbi peke yake. Boti zetu zote ni za jeti: hunyonya maji chini ya tumbo na kuyatema kwa nyuma, hazina propela inayochungulia nje. Kwa usalama wa mtu anayeteleza mita tatu tu nyuma yake, hakuna boti bora kuliko hiyo. Kwa wimbi, hakuna boti mbaya kuliko hiyo. Ni nyepesi, tumbo lake ni bapa, na nyuma linaacha maji yanayochemka. Tulipima mara ya kwanza kwa ufito wenye alama: sentimita thelathini na moja. Hilo ni wimbi la kunawia miguu.

Waliitwa wataalamu. Walikaa siku mbili, wakafungua kompyuta zao kwenye meza ya chai, wakaandika ukurasa mmoja na nusu wenye sentensi moja ya maana: boti ya jeti haifai kwa mchezo huu. Mzee Povu aliusoma akiwa amesimama, akaukunja, akauliza kama kuna mtu anatumia boti namba tatu siku za Jumanne.

Alichofikiri kilikuwa rahisi. Boti ni nyepesi, basi ilemewe. Mkewe ni fundi cherehani, anashona sare za shule, na ndiye aliyeshona mifuko ya kwanza ya maji kwa turubai la lori. Cherehani ilivunja sindano nne. Majirani wanasema walimsikia mama watoto kutoka barabarani: "Wewe na boti lako! Ukitaka kuoa ziwa sema mapema, niondoe vitu vyangu!" Hata hivyo mifuko ilikamilika, miwili, na mshono wake ulikuwa mara tatu. Ilijazwa na kuwekwa katikati kabisa ya nyuma, juu ya injini, kwa hesabu kwamba uzito ukiwa katikati pande zote zitafaidika.

Hazikufaidika. Boti lilikaa chini nyuma kama mtu aliyeshiba, jeti ikatapika, na mpimaji wetu wa majini akapotea ndani ya weupe mtupu. Mpimaji huyo alikuwa binti yake wa mwisho, mwalimu wa kuogelea, aliyejitolea kila Jumanne asubuhi kabla ya vipindi vyake. Alipotoka majini alikuwa na povu masikioni, puani na kwenye nywele. Dereva wa boti akamgeukia baba mtu: "Mzee, tulisema wimbi. Wewe umetuletea nguo za kufua." Jina la Mzee Povu lilizaliwa hapo, na mwenye jina alicheka kuliko wote.

Kilifuata kipindi cha miezi saba ambacho taarifa za ofisi zinakiita "majaribio ya awali" na ambacho sisi tulikuwa tukikiita Jumanne. Mifuko ilihamishwa kutoka katikati hadi kona ya nyuma kulia. Wimbi likapanda hadi sentimita arobaini na saba. Ukaongezwa mfuko mdogo wa kilo tisini mbele, upande uleule, na wimbi likarefuka kwa mita moja na robo. Mwendo ulijaribiwa kuanzia kilomita kumi na nne kwa saa hadi ishirini na mbili, nusu kwa nusu. Uliofaa ni kumi na saba. Kumi na nane wimbi linalala. Kumi na sita linavunjika. Binti yake alikuwa anaiachia kamba kwa sekunde nne, tisa, saba, tena nne.

Ni katika kipindi hicho Mkurugenzi wetu alipoomba kupanda aone kinachoendelea. Alikuja na viatu vyeusi vya ofisini. Ile nukta boti iliposhika mwendo, mshono wa mfuko mmoja mkubwa ukafunguka na kilo mia tatu na arobaini za maji zikaamua kutembea. Kiatu kimoja cha Mkurugenzi kilikwenda chini ya kiti cha mbele. Kwa haki yake lazima isemwe kwamba hakukasirika. Aliinua miguu yake, akauliza, "Fundi, hili ziwa liko nje au limehamia ndani?" na akatoa ruhusa majaribio yaendelee. Kumbukumbu hiyo tunaiweka hapa kwa makusudi.

Kosa lililobaki lilikuwa la wote. Mzee Povu alikuwa ametengeneza kibao cha faibaglasi, sentimita arobaini na tano kwa thelathini, cha kufungwa kwenye pembe ya nyuma ya boti kikiwa kimechomoza nje kama sikio. Sote tulijua kibao kinawekwa wapi. Wimbi tunalitaka kulia, kibao kinakaa kulia. Nani angebisha? Kwa Jumanne sita kilikaa kulia, na kwa Jumanne sita wimbi la kulia lilizidi kuharibika. Tukalaumu upepo. Tukalaumu ubao wa binti. Dereva akalaumiwa hadi akatishia kuhamia boti za pedali.

Jumanne ya saba, kitako cha kulia, yaani sehemu ya boti inayoshikilia kibao, kilikuwa kimevunjika na kutengenezwa upya, na resini haijakauka. Mzee Povu hana subira na resini. Alitaka tu kujua kama skrubu mpya zitahimili mwendo, basi akakifunga kibao upande wa kushoto, kwenye kitako cha akiba. Mifuko ilibaki kulia, kwa sababu hakuna aliyetaka kuihamisha.

Wote tuliokuwa gatini tuliona. Boti lilishika kumi na saba, na upande wa kulia maji yakasimama. Hayakuchemka wala hayakubomoka. Yalisimama, ya kijani, laini kama kioo, yakiwa na mdomo mdogo mweupe juu yake. Kibao cha kushoto kilikuwa kinayachelewesha maji ya upande wake yasikimbilie kukutana na ya kulia, na ya kulia yakapata nafasi ya kujijenga kabla hayajavurugwa. Jumanne zote hizo sita tulikuwa tunamfunga breki mtu tunayetaka akimbie! Binti aliirusha kamba ndani ya boti kabisa, akafungua mikono, akapiga kelele hadi gatini tukasikia: "Baba, usipunguze! Msipunguze hata kidogo!" Dereva alikuwa ameganda kwenye usukani kama anabeba mayai. Sekunde ishirini. Arobaini. Dakika moja. Mpishi wa kantini alitoka na mwiko mkononi. Dakika moja na sekunde hamsini na mbili, na kilichokatisha si wimbi, ni kona ya ziwa. Mzee Povu alikaa nyuma ya boti akilitazama lile wimbi, na bisibisi yake ilikuwa imeanguka majini bila yeye kujua.

Leo wimbi la kulia lina sentimita themanini na nne, limepimwa mara kumi mfululizo, tofauti haizidi mbili. Kibao kina nyuzi thelathini na nane kutoka ubavuni. Kitako chake kina tabaka kumi na moja za faibaglasi zilizounganishwa na mwili wa boti moja kwa moja. Mwalimu wa kuogelea ameshateleza dakika kumi na moja bila kamba. Msimu uliopita boti namba tatu ilitoka mara 212 kwa mchezo huo. Kuvusha wageni ilitoka mara 37. Toleo la jarida letu la mwaka jana liliweka picha ya wimbi ukurasa wa sita, na maneno "wimbi letu jipya." Kwenye picha yupo Mkurugenzi na kidole gumba juu. Fundi hayupo, hakutajwa, na mpiga picha alipoulizwa alijibu kwamba nafasi haikutosha. Jina la Mzee Povu lina herufi nane. Kidole gumba kilichukua robo ya ukurasa.

Sasa lile tulilosema mwanzoni. Wimbi la kulia ni la watu wanaotanguliza mguu wa kulia, kama binti yake. Wengi hutanguliza wa kushoto, na wao wanahitaji wimbi la kushoto, ambalo bado lina sentimita hamsini na nane, kwa sababu kiti cha dereva, betri na tangi vyote viko kulia. Mzee Povu anajua la kufanya. Amelichora. Tarehe 2 aliandika barua ya mistari mitatu akiomba boti namba tatu iachwe ilivyo, na yeye aruhusiwe kuja Jumamosi sita, bila kulipwa, alimalize. Siku ishirini na sita zimepita. Kilichojibu ni tangazo la Meneja wa Uendeshaji ubaoni: boti namba tatu "irejeshwe katika hali yake ya awali" kwa ajili ya kuvusha wageni, kwa kuwa mifuko inachukua nafasi za watu sita. Mifuko hutolewa kwa dakika nane, tumepima. Vitako havitolewi. Vikikatwa, vimekatwa, na aliyekuwa anajua kuvijenga atakuwa nyumbani kwake.

Mama watoto anasema mumewe amekuwa akiamka na kukaa sebuleni na mchoro huo mapajani. Mtu aliyecheka alipoitwa Povu hajacheka wiki mbili. Amefundisha mafundi tisa, wanne kati yao wana karakana zao, na hajawahi kuomba lolote kwa ofisi isipokuwa miwani ya kujikinga na hizo Jumamosi sita.

Mzee Povu, asante kwa maboti 1,146. Asante kwa kututoa kwenye sentimita thelathini na moja wakati wenye kompyuta walikuwa wameshafunga mabegi yao. Mama watoto, asante kwa sindano nne na mishono yote. Mwalimu, asante kwa Jumanne zako na masikio yako. Mzee wetu, upumzike vizuri, ule kwa wakati, magoti yasikusumbue, na kila asubuhi ikukute ukiwa na jambo la kukutoa kitandani kwa haraka. Hayo ndiyo maisha tunayokutakia, na jambo lenyewe unalijua.

Mheshimiwa Mkurugenzi, umekaa meza ya mbele, kiti cha tatu kutoka kushoto, na programu hii iko mkononi mwako. Hatuhitaji kamati wala "tutaliangalia." Boti namba tatu ibaki na kibao chake na vitako vyake, na fundi apewe Jumamosi zake sita: ndiyo, au hapana? Keki inakatwa saa kumi kasorobo. Tunaomba jibu kwa sauti, kwenye kipaza sauti, saa tisa na nusu.