Moja, Tangu Asubuhi

[Gizani, kaseti ya kompyuta inafika mwisho: tak. Namba zinazungushwa kwenye simu.]

IDWAL: Haloo? Ofisi ya mgodi hapa. Nani mwenzangu?

EIRLYS: Shikamoo baba. Mimi Eirlys.

IDWAL: Marahaba, mkamwana. Mbona unanong'ona? Mume wako bado yuko shimoni, zamu haijaisha.

EIRLYS: Lowri amelala, nimezima taa. Baba, ile kompyuta iko mbele yako?

IDWAL: Ipo, imekaa kama bibi harusi. Kila anayeingia namwambia, hii kazi ya mke wa Hefin, kasoma shule ya jioni na mtoto mgongoni—

EIRLYS: Baba, leo imekwambia gesi asilimia ngapi?

IDWAL: Moja.

EIRLYS: Na mchana?

IDWAL: Moja. Tangu asubuhi ni moja tu, haijatikisika. Ikisema mbili nawatoa wote, najua kazi yangu. Vipi, Krismasi inakutia wasiwasi?

EIRLYS: Sindano ya kipimo ilikuwa kwenye ngapi? Namba wanayokusomea kutoka chini, ile unayoichapa wewe.

IDWAL: Sasa nitaikumbuka vipi? Naichapa, naachana nayo. Si ndiyo raha uliyotuletea? [Anakohoa, muda mrefu.] Ile chati ya kubadilishia namba kuwa asilimia niliibandua ukutani mwezi wa kumi.

EIRLYS: Hujaandika popote?

IDWAL: Ngoja... nimeandika kwenye pakiti ya sigara. Mazoea ya kizee, usinicheke.

EIRLYS: Sicheki, baba. Nisomee.

[Laini inakwaruza.]

IDWAL: Saa sita, thelathini na moja.

EIRLYS: Gawa kwa ishirini na tano... moja nukta ishirini na nne. Endelea.

IDWAL: Nukta? Nukta za nini? Mashine haina mambo ya nukta.

EIRLYS: Endelea, baba.

IDWAL: Saa nane, thelathini na nane.

EIRLYS: Moja nukta hamsini na mbili.

IDWAL: Eirlys.

EIRLYS: Saa kumi?

IDWAL: Kwenye moja na robo tunatakiwa tuzime mitambo.

EIRLYS: Najua. Saa kumi, baba?

IDWAL: Arobaini na tisa.

[Laini inakwaruza.]

IDWAL: Ni ngapi? Wewe ndiye msomi, niambie.

EIRLYS: Moja nukta tisini na sita.

IDWAL: Lakini imeandika moja. Naiona hapa, moja, kubwa kama—

EIRLYS: Inakata, baba. Haipandishi hadi mbili, inakata tu. Kumbukumbu yake ni ndogo, programu ilikuwa haienei. Mwalimu alitufundisha kubana nafasi, tutumie vikasha vya namba nzima, vinakula kidogo. Nikaweka gesi humo. Kila kilicho nyuma ya nukta kinatupwa.

IDWAL: Wiki tisa?

EIRLYS: Wiki tisa. Leo nimechukua kipande kile kile cha programu, kwenye kompyuta ya hapa nyumbani, nigawanye vipimo vya keki. Vikombe saba kwa mbili, ikanipa vitatu. Nikasema nimekosea kuchapa. Nikarudia. Vitatu. Baba, zima umeme wa chini.

IDWAL: Nishashika swichi. [Mlio mzito wa chuma.] Nimezima.

EIRLYS: Feni ya hewa?

IDWAL: Feni ina waya wake, inazunguka. Kaa hapo hapo, napiga simu ya shimoni.

[Mkono wa simu nyingine unazungushwa. Unazungushwa tena.]

EIRLYS: Wamepokea?

IDWAL: Inaita.

EIRLYS: Wako wangapi?

IDWAL: Tisa. Yule kijana wa Beddoe kaenda kwao, jino linamuuma. Wanane. [Anakohoa.] Pokea, wewe, pokea...

EIRLYS: Hefin yuko wapi?

IDWAL: Mbele kabisa. Huko simu haisikiki wakiwa wanagonga mwamba.

EIRLYS: Umeme umekatika, si watajua? Watatoka wenyewe?

IDWAL: Umeme hukatika hapa kila siku, mwanangu. Watawasha taa za kofia, watachukua sururu. Wana tani zao za kufikisha kabla ya sikukuu.

EIRLYS: Sururu ikigonga jiwe, cheche—

IDWAL: Usinifundishe.

[Mkono wa simu ya shimoni unazungushwa tena.]

EIRLYS: Nisamehe, baba.

IDWAL: Kosa la wawili. Kila nilipochapa nililiona jibu halibadiliki, nikafurahi. Mtu mzima, miaka arobaini ya mgodi, naiona gesi inakaa kimya siku nzima halafu nafurahi. [Kiti kinasukumwa.] Haipokelewi. Nashuka mwenyewe.

EIRLYS: Na kifua hicho? Tuma mtu.

IDWAL: Nimtume nani, paka? Mwendo ni kuteremka tu, dakika kumi.

EIRLYS: Nakuja, namwacha Lowri kwa jirani—

IDWAL: Hutoki hapo. Tukikata, wewe uwapigie watu wa uokoaji. Waambie namba, zote tatu, na nukta zake. Waambie wanane chini.

EIRLYS: Na wewe wa tisa.

IDWAL: Mimi nitakuwa njiani. Mpashie Hefin mchuzi wa kondoo, atatoka na njaa na hasira.

EIRLYS: Nitaupasha. Baba, ukimfikia mwambie...

IDWAL: Nitamwambia. Haya, kata, mwanangu. Kata sasa—

[Laini inavuma, kisha kimya kabisa.]

EIRLYS: Baba? Haloo? Baba Idwal? [Anabonyeza simu mara mbili, tatu.] Haloo?

LOWRI: Mama, nyumba imetikisika.