Jua la Mosi Januari

Kwenye basi la Mitundu, dada mmoja alikuwa akimweleza mama wa siti ya pembeni kwa nini anaenda kurudisha pete ya uchumba.

"Jua la mchumba wangu liko kwenye nyota ya Mbuzi, mama. Jua ndiyo nafsi ya mtu, na wa Mbuzi wana roho ngumu."

Elimu haina mwisho. Nikasogeza sikio.

"Kazaliwa lini?"

"Mosi Januari, hukuhuku Mitundu."

"Hongera. Hata mimi mosi Januari, na mume wangu, na nusu ya kijiji. Mwandikishaji aliuliza tarehe, wazee wakamjibu, 'Wakati wa kuvuna mtama.' Akatuandika wote mosi Januari, akaenda kula kuku."

Dada akachomoa simu. "Kwani mtama mnavuna tarehe ngapi?"

"Inategemea mvua za mwaka huo, mwanangu," akasema mama, na basi likasimama.