Fundi Tuanze Anakabidhi Funguo za Karakana

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, fundi seremala wa shule yetu atastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi. Jina lake la kwenye cheti wanalijua wachache. Sisi wengine tunamwita Fundi Tuanze, na wageni hudhani ni jina la ukoo. Si la ukoo. Lilianzia hapa hapa shuleni, na si kwa furaha.

Anayeandika ni mwalimu wa muziki, jirani yake wa ukuta mmoja. Kwa miaka mingi nimefundisha kinanda huku upande wa pili misumeno ikipiga wimbo wake yenyewe. Kama wanafunzi wetu, mimi pia sioni. Fundi namjua kwa harufu ya gundi, kwa kiatu cha kulia kinachoburuta kidogo, na kwa besi yake katika kwaya ya wafanyakazi, ambayo hufika kwenye noti sahihi ikiwa imechelewa, kama mtu aliyepitia sokoni kwanza.

Aliletwa kwa mkataba wa miezi mitatu, kutengeneza madawati na milango ya mabweni. Alikuwa kijana mwenye mke na mtoto mchanga, na hakuwa na mpango wa kukaa. Madawati yakaisha, milango ikafunga vizuri. Alikuwa anafungasha vifaa vyake wakati mwalimu wa ufundi alipopata kazi kwingine na kuondoka katikati ya muhula. Mwalimu mkuu wa wakati ule, mama asiyependa maneno mengi, akamwita ofisini.

"Utawafundisha useremala," akamwambia.

"Mama, shule yenyewe niliiacha njiani. Sijawahi kumfundisha mtu yeyote, sembuse asiyeona."

"Una mtu mwingine wa kunipa?"

Hakuwa naye.

"Basi Jumatatu."

Nyumbani alimwambia mkewe, ambaye ni fundi cherehani, kwamba atakataa. Mke akamuuliza kama ameliombea jambo hilo. Akajibu kwamba ameomba sana, tena kwa machozi, Mungu alete mtu mwingine.

"Hiyo si sala, mume wangu," mke akasema bila kusimamisha cherehani. "Hiyo ni kuomba uhamisho."

Jumatatu akaja. Lakini aliogopa kumkabidhi mwanafunzi chochote chenye makali, kwa hiyo muhula mzima darasa lilipewa msasa tu. Walisugua mbao asubuhi, wakasugua mchana, mpaka ubao mmoja ukawa mwembamba kama rula. Wanafunzi walianza kuulizana kama wamesajiliwa kwenye useremala au kwenye ufuaji.

Aliyesema wazi alikuwa msichana wa kidato cha pili tuliyemwita Dada Mrefu. Alikuwa amepoteza uwezo wa kuona kwa ugonjwa akiwa mkubwa, na alikuwa na haraka ya maisha. Alimfuata Fundi mezani akamwomba patasi. Fundi akasitasita, mwisho akampa. Akamwonyesha jinsi ya kuishika, akamwacha kidogo ili amsaidie mwingine.

Patasi iliteleza. Ilimkata Dada Mrefu kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, mpaka ndani kabisa.

Fundi alimfunga kwa shati lake mwenyewe akamkimbiza zahanati. Walimshona vizuri, na jeraha likakauka bila usaha. Lakini ncha ya kidole ilikufa ganzi, na hicho ndicho kidole alichokuwa anasomea nukta nundu. Kwa anayeona, ni kidole kimoja kati ya kumi. Kwa mwanafunzi wetu ilikuwa kama kupofuka kwa mara ya pili.

Fundi alifunga karakana, akapeleka funguo kwa mwalimu mkuu, akaziweka mezani. Mwalimu mkuu hakuzigusa. Alimwambia tu kwamba zitakaa hapo hapo. Kwa siku kadhaa Fundi alishinda amekaa kwenye rundo la mbao nyuma ya karakana. Mchungaji wa shule alimfuata akakaa naye, na, namsifu kwa hilo, hakuhubiri. Mimi nilikuwa mgeni kazini, nikasikia kimya upande wa pili wa ukuta, na sikujua la kufanya ila kupiga kinanda polepole.

Yaliyofuata ameniruhusu niyaandike, kwa sharti kwamba nisimpambe.

Dada Mrefu alikuja na fimbo yake mpaka kwenye rundo la mbao, mkono bado umefungwa bendeji.

"Fundi, umefunga karakana kwa sababu yangu?"

"Kwa sababu yangu mwenyewe. Mimi sifai kazi hii. Nilimwambia mwalimu mkuu, nikamwambia mke wangu, nikamwambia Mungu. Hakuna aliyenisikia."

"Labda wamekusikia," msichana akasema. "Labda wanajua hufai, na wamekuita hivyo hivyo."

Fundi akaokota kipande cha mbao, akakigeuza mkononi.

"Mimi sasa najifunza kusoma kwa mkono wa kulia," akaendelea. "Ni kama niko chekechea. Kila mstari nakosea. Mama yangu amenifundisha nimwambie Mungu ukweli kwamba siwezi, halafu nifungue kitabu. Nisingoje kwanza nijisikie naweza. Nikingoja hivyo sitasoma tena. Na wewe mwambie, halafu ufungue mlango."

Wakaenda wote wawili ofisini kuchukua funguo. Mbele ya mlango wa karakana Fundi alisimama, akaweka kiganja kwenye fremu, akasema kwa sauti ya chini, akidhani hakuna anayemsikia: "Bwana, mimi siwezi. Wewe unaweza. Tuanze." Alisahau yuko shule gani. Darasa zima lilikuwa kwenye kona ya jengo likisikiliza, likaitikia "Amina" kwa pamoja. Kufikia chakula cha jioni alikuwa na jina jipya.

Tusikosee hapa. Hakushukiwa na ujuzi wa ajabu. Alichopata ni ujasiri wa kukiri hajui, na mtu anayekiri hajui huuliza. Alijifunga kitambaa machoni, akafanya kazi hivyo wiki nyingi, huku wanafunzi wakimwelekeza na kumcheka. Alijigonga kidole gumba mpaka ukucha ukang'oka. Lakini taratibu akajua mahali ambapo hofu yake ilikuwa ya bure na mahali ambapo ilikuwa ya kweli. Akatengeneza vibao vyenye mfereji wa kuongoza msumeno. Akaweka sheria kwamba mbao ikazwe kwenye jiriwa, kile kibanio cha mezani, na mikono yote miwili ikae nyuma ya makali, na patasi haitoki kabatini kabla mwanafunzi hajaitaja sheria hiyo. Mikwaruzo imekuwepo tangu hapo. Kidole kingine hakijaharibika.

Kile cha kwanza hakikupona. Hilo Fundi hutaka lisemwe. Dada Mrefu anasoma kwa mkono wa kulia mpaka leo, kwa kasi kuliko mimi, na ana karakana yake ya kutengeneza vitanda vya watoto. Wajukuu wawili wa Fundi wamelala katika vitanda hivyo.

Stuli unazokalia katika bwalo letu, meza za kusomea, rafu zote za maktaba na benchi za kanisa dogo vimetoka mikononi mwa wanafunzi wake. Walimu wakuu watatu wamepita na wote walimtegemea. Mmoja aliwahi kumwomba awahutubie wageni mashuhuri kuhusu njia zake za kufundisha. Fundi alisimama, miguu ikitetemeka mpaka tukaisikia sakafu ya mbao, akasema, "Karibuni. Waulizeni wanafunzi," akakaa. Ilikuwa hotuba fupi kuliko zote siku hiyo, na ndiyo iliyopigiwa makofi marefu.

Juzi nilimuuliza kama bado anaisema ile sala ya mlangoni, baada ya kuwa fundi wa mafundi.

"Naisema, Mwalimu."

"Na bado unaamini huwezi?"

Akaweka msasa mezani. "Mwanafunzi wa jana nilimweza, kwa sababu nilisaidiwa," akasema. "Wa kesho simjui. Kwa hiyo naomba tena."

Tunamshukuru mkewe, aliyetuazima mume kwa muda mrefu. Ametuarifu kwamba nyumbani kuna kabati lisilo na mlango tangu mtoto wa pili azaliwe, kila mwaka likiambiwa lisubiri likizo. Sasa likizo imefika na haina mwisho, na mama anasema amekwisha kununua bawaba.

Fundi, asante. Umetufundisha kwamba mtu anaweza kutetemeka na bado akafanya kazi safi. Nenda ukaamke kwa kuchelewa, ukaimbe besi bila kuharakishwa na mtu. Mungu aliyekutosha kazini akutoshe na nyumbani.