Ekra Nyeusi Mbele ya Kutosha Kilio

Bwana asifiwe! Hapana, bamama, muitike muzuri, mi sikukuja kusema na ukuta. Bwana asifiwe tena! Eee, sasa nasikia batu biko ndani.

Bandugu zangu, nimesimama kutoa ushuhuda, na naona bamoja kule nyuma bameanza kucheka mbele sijafungua kinywa. Mucheke tu. Munanijua: mi njo ule mama wa ka ofisi ka pembeni ya barabara hapa Lushebere, pa kutosha mafoto, kuandikisha barua na kupanga filme za ndoa. Niko na ordinateri moja, kompyuta ile kubwa ya meza. Ndani yake hakuna ile sisiteme batu bengi banatumiaka. Iko Linux. Niliipenda juu ni ya bure na virusi haiisumbuake. Bwana yangu anasemaka ile mashini njo bwana wa kwanza mu nyumba, yeye ni wa pili. Si uko pale, Papa? Kataa kama ni uongo.

Sasa munisikilize. Kati yetu kulikuwa mama muzee moja. Sitataja jina, na muache kugeuza shingo kumutafuta! Alikimbiaka vita kutoka Nyamitaba, akaja kukaa hapa na bajukuu zake. Mutoto wake mwanaume alikuwa ameenda Walikale kutafuta maisha. Akagonjwa kule, akakufa kule, bakamuzika kule mu pori. Mama hakufika. Barabara ya kwenda Walikale munaijua, sina haja ya kuwaeleza. Habari ya kifo ilimufikia na kinywa tu.

Na desturi yetu ya kutosha kilio, kumaliza matanga, munaijua. Siku inafika, jamaa inakusanyika, bananyoa nywele, banaoga, banavua nguo ya kilio, banakula pamoja, na maisha inaendelea. Jamaa ilikuja. Mama akakatala. Akasema: "Mi sikuona mwili, sikuona udongo. Nani aliwaambia mutoto wangu amekufa? Siwezi kutosha kilio ya muntu mwenye sikumuzika."

Akabaki na nguo yake nyeusi. Moto, ile pikipiki, ikipita barabarani, anasimama ku mulango, pengine ni yeye anarudi. Chakula anaonja tu. Bajukuu balikuwa banaogopa kucheka mu nyumba ya koko yao. Iliniuma sana, bandugu, juu nyumba yake na ofisi yangu zinatazamana.

Basi siku moja taximan wa moto akatoka Walikale na ka karte kadogo ka simu. Ndugu ya marehemu alikuwa amefilmaka maziko na simu yake, akaituma. Nikaingiza ka karte mu mashini, nikafungua. Mungu wangu! Kila kitu kilikuwamo: sanduku, batu banaimba, kaburi, udongo. Lakini bipande bipande. Kimoja kimepinduka kichwa chini, kingine muntu alisahau simu mu mufuko, unasikia wimbo na unaona giza tu. Nikaambia jamaa: "Muniachie. Nitaipanga, itakuwa filme moja safi, tutaionyesha ku ukuta wa kanisa, mama yetu aone."

Tukaenda kumuuliza. Akasema: "Nikiona udongo, nitatosha kilio. Nisipoona, musiniite tena." Jamaa ikatuma ujumbe mu milima yote: batu bashuke Jumamosi.

Karte nikaikopia mu mashini, nikairudisha kwa taximan. Na yeye, kijana wa watu, akafuta yote akajaza mangoma yake. Ni karte yake, hakukosea. Lakini mukamate ile neno: kutoka siku ile, maziko ya ule muntu ilikuwa mu mashini yangu tu, na hakuna pengine popote duniani.

Sasa njo mi naingia mu shimo na miguu yangu mwenyewe.

Siku ile rezo, mtandao ya simu, ilikuwa muzuri ajabu. Munajua vile rezo ya hapa iko: leo iko, kesho imeenda kusalimia jamaa. Na sisiteme ilikuwa inaniomba tangu zamani niipandishe, niweke ile mupya. Nikajisemea: kazi kubwa inakuja, mashini iwe mupya mbele yake. Nikafunga simu ku dirisha na kamba, kule rezo inapatikana, nikaanza kuvuta.

Lakini mega zangu, ile bando ya internet, zilikuwa kidogo. Na sisi bamama ya hapa, kitu kidogo tunafanya nacho nini? Tunachagua! Nikakaa mbele ya ile mashini sawa niko na ungo ya maharagi. Hii nachukua, hii naacha. Hii ni ya luga ya Wachina, itanisaidia nini? Naacha. Nikafika pa mbili zenye majina zilifanana sawa mapacha. Ya kwanza ni ile banaitaka kerneli, njo moyo wa sisiteme. Ya pili ilikuwa ndugu yake, na ilikuwa nzito. Nikasema: mapacha ya nini? Moja inatosha. Nikaacha ya pili. Na nikajisifu! Nikamuambia bwana yangu: "Unaona muke mwenye akili? Nimebakisha mega za kesho."

Nikazima, nikawasha. Alama ya kufungua ikatokea ku ekra, ile kioo ya mashini, ikazunguka kidogo. Kisha giza. Nyeusi. Nikangoja. Nyeusi. Nikazima tena, nikawasha tena. Nyeusi tii!

Mu Lushebere kila muntu ni munganga ya ordinateri, sikuwa najua. Moja akasema ni panya amekula kamba. Mwingine akasema ni bulozi, ni uchawi, kuna muntu hataki ile filme ionekane. Bwana yangu akafungua mashini, akapuliza vumbi mupaka akakohoa, akafunga. Nyeusi. Na kesho yake antene ikazima, rezo ikaenda yote. Hata ile mega nilibakisha na kiburi ikabaki bila kazi.

Fundi moja wa kutoka Mweso alikuwa anapita. Muntu muzuri, simusemi mubaya. Akaangalia, akatikisa kichwa. "Mama, hii imeharibika ndani. Tuiformate, niweke sisiteme ingine."

"Na mafilme yenye iko ndani?"

"Itaenda."

"Itaenda wapi?"

"Mama, itafutika."

Nikamusukuma mukono ku mashini. Lakini nikirudi kukaa, nikawaza: nitafanya nini ingine? Batu biko njiani. Mashini ikiwa imekufa, hata hiyo filme imekufa tayari. Nikamuambia: "Rudia kesho asubui, ufanye vile unajua." Niliisema na kinywa changu, bandugu.

Kisha nikavuka barabara kumuambia mama muzee kweli. Nilifikiri atalia, ao atanikasirikia. Hapana. Akatabasamu! Tangu nimujue, sikuwa nimeona meno yake. Akasema: "Umeona? Hata mashini imekatala kunionyesha. Basi mutoto wangu iko muzima." Akaingia jikoni, akatosha sahani, akaiweka pembeni ya yake. Sahani ya mutoto wake. Bajukuu bakaniangalia. Bandugu, ekra nyeusi haikuniliza. Ile sahani njo iliniliza.

Nikatoka pale mbio, sikuenda nyumbani. Nikaenda ku kanisa, kwa foni. Munaijua ile radio ya zamani yenye pasta anasemaka nayo na Walikale kama simu zimekufa. Nikaomba baniitie ndugu ya marehemu kule. Nilitaka kumuuliza kama filme ingali mu simu yake. Tukangoja, akafika. Na ku foni, ukimaliza lazima useme "kwako", njo mwenzako aseme.

"Filme ingali mu simu yako? Kwako."

"Yaya, dada yangu, ile simu ilianguka mu mayi, ilikufa. Kwa nini? Kwako."

Nikamueleza. Mara sauti ingine ikaingia. Ilikuwa muntu wa radio ya mutaa kule Walikale, mwenye kupanga maemisyo, vipindi yao. Alikuwa amekaa pale anangoja zamu yake ya kusema, amesikia yote.

"Mama, samahani kuingilia. Mi pia natumikisha Linux. Ukiwasha, unasikia sauti ya kufungua? Kwako."

Nikawaza. Ngojeni. Sauti! Ile ka ngoma kadogo ka kufungua. Ilikuwa inalia kila mara, mi nilikuwa busy kulia pamoja nayo. "Inasikika! Kwako."

"Basi haikufa. Imefunga macho tu. Ulipandisha sisiteme? Kwako."

Pasta ananiangalia. Nikaeleza mambo ya ungo na maharagi na mapacha. Bandugu, ule papa alicheka! Nadhani hata banyama ya pori ya Walikale balisikia.

"Mama yangu, ule pacha uliacha njo piloti ya ekra inamuhitajiaka. Piloti ni ile programu inaonyeshaka picha. Kila kerneli mupya ikikuja, piloti inajijenga tena, na inajijenga na ule pacha. Umeleta moyo mupya, piloti imekosa kifaa cha kujijengea. Lakini kerneli ya zamani haikufukuzwa, ingali ndani, na piloti yake ingali muzima. Zima mashini. Ukiwasha, finya Shift, usiachilie. Menyu itatokea. Ingia pa machaguo ya ndani, chagua kerneli ya zamani. Na tafazali, muntu asiformate! Kwako!"

Sikusema hata "kwako". Niliachia pasta foni mukononi, nikakimbia. Bamoja benu mulinikuta mu barabara, kitambaa kimeanguka, kiatu kimoja. Muliuliza: "Vita?" Nikajibu: "Shift!" Mukafikiri nimeshikwa na pepo.

Nikawasha. Nikafinya kwa kuchelewa. Nyeusi. Bwana yangu akasema: "Tulia, muke wangu." Nikamuambia atulie yeye. Nikazima. Nikafinya mbele, nikawasha, nikashikilia mupaka kidole kikauma. Ikatokea! Maandiko nyeupe, safi, sawa mayi mu chupa. Nikashuka, nikaingia ndani, nikaona ile kerneli ya zamani imekaa pale na uvumilivu wake. Nikaibonyeza. Nikafunika uso na mikono.

Nikasikia bwana yangu anapiga kelele: "Iko inafunguka! Mama, iko inafunguka!"

Aleluya! Hapo muitike na nguvu, mi ile siku niliitika peke yangu! Ekra yote, rangi yote, na filme za ule mutoto zote, hata kipande kimoja hakikukosekana. Nilicheza mupaka meza ikatikisika. Na kitu cha kwanza nilifanya, nilikopia ile filme mu flashi, tena mu flashi ingine, nikapatia bwana yangu moja afiche mahali hata mi sijui. Asubui fundi wa Mweso akafika na bifaa yake ya kuformate, akakuta nacheza. Akauliza, nikamuonyesha. Akafurahi kabisa, akasema: "Mama, hata mi nimepona kosa kubwa." Na yeye njo alibeba groupe, ile mashini ya kutoa umeme, ku kanisa siku ya Jumamosi, mugongo wake mwenyewe.

Jumamosi mulikuwa. Mulivua bitenge yenu mukafunika madirisha, kanisa ikawa giza muchana. Tukawasha groupe na projekteri, ile taa ya kutupa picha. Mama muzee alikaa mbele, mikono mu magoti. Sanduku ikapita. Batu bakaimba. Kisha udongo ukaanza kuanguka. Akasimama. Akasema: "Rudisha." Nikarudisha. "Rudisha tena." Nikarudisha. Akatembea mupaka ku shuka yenye tulitundika ku ukuta, akaweka mukono pale udongo ulikuwa, mwangaza yote ikamuangukia mugongoni. Akaita mutoto wake jina, ile jina ya utoto yenye hakuna muntu alikuwa anaijua. Akasema: "Basi. Lala muzuri."

Kisha akalia, na sisi wote tukalia, na ilikuwa kilio yenye iko na mwisho. Bakamunyoa siku ile ile. Akaoga, akavaa kitenge ya rangi, akaomba chakula, akakula, akaomba tena! Bajukuu bakacheka mu nyumba, na yeye njo alianza.

Rezo iliporudi, nilivuta ule pacha bila kuangalia uzito yake. Piloti ikajijenga yenyewe, nikawasha na kerneli mupya, ekra ikafunguka sawa mulango ya nyumba yangu. Leo sichaguake tena mu bitu yenye sijui kazi yake. Maharagi, ndiyo. Mashini, hapana.

Aksanti kwa ule papa wa Walikale mwenye sijawahi kuona uso wake. Aksanti kwa pasta na foni yake, kwa fundi wa Mweso na mugongo wake, kwa bwana yangu, hata kama vumbi alipuliza bure. Na neno yangu kwenu ni hii: ukiona kitu kimezima, usiharakishe kusema kimekufa, na usikubali muntu afute mbele hujasikiliza kama ndani kungali sauti. Uliza. Tembea uulize. Kama simu imekatala, ita na foni. Kama foni imekatala, panda mulima upige kelele!

Na nimalizie na hii. Juma iliyopita mama muzee alivuka barabara, akaingia mu ofisi yangu, akakaa ku kiti bila kusalimia. Amepaka mafuta, amevaa kile kitenge. Akasema: "Nipige foto, na ikuwe ya muzuri. Uitume Walikale kwa bale balimuzika mutoto wangu. Baone mama yake anakula."

Nilipiga. Alicheka mbele sijamuambia acheke. Bwana asifiwe!