Mawe Yenye Nilirudisha Katika Muchele

Bamaman, bapapa ba kanisa, munisikilize mupaka mwisho, hata kama katikati mutataka kunitoa inje.

Miaka mingi tulikaa chini pale kwenye mashini ya kukoboa muchele, huku Bugarama, kila maman na ungo yake, tunatoa mawe. Tulikuwa tunacheka pale, tunapeana shauri za batoto. Kisha patron, mwenye ile mashini, akaleta mashini ingine, yenye macho ndani. Inaona jiwe, inalipuliza pembeni. Akatuambia asante, muende.

Nyumbani sikusema. Kiburi, ndugu zangu! Kila asubuhi nilibeba ungo, nikaenda kukaa kwenye njia ya Gitambi mupaka jioni, bwana yangu akijua niko kazini. Nawaambia, kukaa bila kazi kunachokesha kuliko kulima.

Nikawaza: muchele ukitoka na mawe, batatuita tena. Sentineri, mulinzi wa mulango, alinizoea, akaniacha niingie. Nilikuwa nimefunga changarawe ndani ya kitenge. Nikazichanganya katika magunia yenye yalikuwa tayari kuuzwa, kwa hii mikono yenye ilikuwa inazitoa.

Bakiriya, benye kununua muchele, balilalamika kweli. Lakini mashini haikufukuzwa. Balifukuza papa mwenye alikuwa anaiongoza, mukristo wa kanisa yetu, na jina la muzembe juu. Akavuka Bukavu kutafuta kazi, kisha mbali zaidi. Simu yake haipatikane tena.

Siku moja mama yake alisimama hapa kanisani, akasema: "Muombee mutoto wangu, Mungu amusamehe uzembe wake."

Bote balisema amina. Miye mudomo ulikataa.

Kesho yake nilienda kwake, nikapiga magoti, nikamwambia yote. Ule mama akaingia ndani, akatoka na ungo ya maharagi, akaiweka kati yetu.

"Kaa. Tutoe mawe."

Tulichambua yote. Akanipeleka kwa patron, nikasema. Patron alisafisha jina la ule papa, lakini mwenyewe hayuko wa kuisikia.

Namushukuru bwana yangu, alilia lakini hakunifukuza. Nabashukuru bamaman ba kikundi ya hapa kanisani, balinipa nafasi ya kuchambua mbegu. Mashini ilikamata kazi yangu, ndiyo. Mawe nilitia miye. Mukiumizwa, mbele ya kulipiza, muangalie kwanza nani amesimama mbele ya mukono yenu.

Ule mama iko hapa. Hajasema amenisamehe, na simuombe aseme. Kila jioni tunapiga pamoja ile namba ya mutoto wake.